Maswali Yenu: Mate Yanasema Nini Kuhusu Soriasisi na Pumu ya Ngozi?

Toleo lililopita tuligusia, kwa mistari michache tu, kwamba watafiti wa magonjwa ya ngozi siku hizi wanakusanya mate. Barua zikamiminika: wagonjwa, wauguzi, wanafunzi, wazazi. Tunajibu zile zenye maswali yaliyojirudia. Neno moja kwanza, maana litatokea kila mahali: inflamesheni ni ule mwako wa kinga ya mwili, pale sehemu inapopata joto, kuvimba, kuuma na kubadilika rangi. Mwako huo ukidumu miezi na miaka, ugonjwa unaitwa sugu. Soriasisi ni sugu, na pumu ya ngozi (ekzema) vilevile.

Nina soriasisi kichwani na kwenye viwiko. Muuzaji mmoja wa dawa ananiambia kuna kipimo cha mate cha shilingi 80,000 kinachoonyesha kama ugonjwa "umeingia kwenye damu". Nipime? (Msomaji, Tanga)

Usitoe hela hiyo. Hakuna kipimo cha mate kinachothibitisha soriasisi, wala kinachoonyesha imefika wapi. Daktari huitambua kwa macho na vidole: mabaka yenye kingo zinazoonekana wazi, magamba meupe, kucha zenye vitobo vidogo kama vilivyochomwa sindano. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Baka huwa la zambarau au la kijivu, na wengi huambiwa wana fangasi kwa sababu hiyo. Daktari akiwa na shaka, hukata kipande cha ngozi cha milimita 4 kikachunguzwe kwa hadubini.

Soriasisi haiambukizi. Ila mwako wake hauishii kwenye ngozi, na kiungo cha kuangalia ni maungio. Ukiamka vidole au mgongo vimekakamaa zaidi ya nusu saa, mwambie daktari hata kama hajakuuliza. Hilo lina faida kwako kuliko kipimo chochote cha mate.

Mate yana kazi kwenye utafiti, hasa wa kumfuatilia mtu yuleyule kwa wiki na miezi bila kumchoma sindano kila mara.

Ngozi iko kiwikoni, mate yako mdomoni. Vinakutana wapi? (Msomaji, Nakuru)

Jibu la swali hili ndilo linalotenganisha utafiti mzuri na mbovu, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Mtu mzima hutoa mate nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na zaidi ya asilimia 99 ni maji. Katika kile kidogo kilichobaki kuna chumvichumvi, vimeng'enya, kingamwili, homoni na saitokaini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kuitana na kuamrishana. Vitu hivi haviingii mdomoni kwa mlango mmoja. Homoni za jamii ya steroidi, kama kotisoli (homoni ya kukabili msongo), huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya kuta za seli za tezi za mate bila kubisha hodi. Ndiyo maana kotisoli ya kwenye mate huifuata vizuri kotisoli huru ya kwenye damu. Saitokaini haziwezi hivyo. Nyingi unazozikuta kwenye mate zimetengenezwa humohumo mdomoni, au zimevuja kupitia kile kifereji chembamba kati ya jino na ufizi. Basi ukikuta saitokaini ziko juu kwenye mate ya mgonjwa wa soriasisi, usikimbilie kusema zimetoka kiwikoni. Mate husema habari za kinywa kwanza, za mwili baadaye.

Hata hivyo kuna dalili za kweli. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Italia, Ganzetti na wenzake, lilikuta intalukini 1 beta (IL-1β), mojawapo ya saitokaini za mwako, iko juu kwenye mate ya wagonjwa wa soriasisi. Baada ya tiba inayozuia TNF alfa, saitokaini nyingine ya mwako, ilishuka, lakini haikufika kiwango cha watu wasio na ugonjwa. Huko Białystok, Poland, watafiti wameonyesha kwamba wenye soriasisi ya mabaka hutoa mate machache kuliko wenzao. Kwa hiyo tezi zenyewe nazo zinaguswa.

Mimi ni muuguzi, nakusanya mate kwa ajili ya utafiti wa soriasisi. Maabara imerudisha sampuli nyingi: "ina makohozi", "ujazo hautoshi", "ina damu". Tunakosea wapi? (Muuguzi, Moshi)

Kosa la kwanza liko kwenye neno. Ukimwambia mtu "tema kwenye kichupa", anakumbuka kipimo cha TB. Anavuta pumzi, anakohoa, anakupa makohozi ya kifuani. Unachotaka wewe ni udenda, yale mate yanayojikusanya yenyewe chini ya ulimi. Mwambie kwa neno hilohilo, naye ataelewa mara moja.

Panga wote waje saa ileile, tuseme kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kwa kuwa mate hubadilika kadiri siku inavyokwenda. Saa moja kabla: hakuna kula, sigara, jojo wala mswaki. Pombe asiguse tangu jana yake jioni. Akifika, afute rangi ya midomo, asukutue kwa maji matupu nusu dakika, kisha akae dakika 10 kamili. Wengi huziruka dakika hizo ili foleni iishe, na hapo maji ya kusukutulia yanaingia kwenye kichupa, kila kitu kinapimwa kikiwa kimezimuliwa.

Pima kichupa kitupu kwenye mizani, andika uzito. Mtu akae wima, ainamishe kichwa mbele, ameze mara ya mwisho, nawe uanze kuhesabu muda. Asichezeshe ulimi wala mashavu. Mate yachuruzike yenyewe kupitia mrija mfupi hadi kwenye kichupa cha mililita 2, kikiwa kimekaa kwenye barafu iliyopondwa. Dakika 5 zikiisha, pima uzito tena. Gramu moja ya mate ni kama mililita moja. Usisome ujazo kwa jicho. Inua kichupa kwenye mwanga uone: juu kuna povu lililopanda hadi mstari wa 1.5, chini yake mate yenyewe yameishia 0.9. Muuguzi mwenye haraka huandika 1.5. Na usijaze mpaka kwenye kifuniko, kwa sababu mate yakiganda yanapanuka, kichupa kinapasuka.

Ujazo ukiwa hautoshi, tafuta sababu. Bila kichocheo, mate ya mtu mzima hutoka kama mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika, kwa hiyo dakika 5 zingekupa mililita moja na nusu au mbili. Chini ya 0.1 kwa dakika ni kinywa kikavu. Uliza dawa anazotumia: Piriton ya kupunguza mwasho hukausha mdomo, amitriptilini pia, na asitretini wanayopewa baadhi ya wenye soriasisi. Ongeza muda hadi dakika 10 au 15, na uandike dakika halisi. Usimlambishe ndimu wala ukwaju ili mate yamjae. Asidi inaharibu vipimo, na mate ya kuchochewa hutoka zaidi kwenye tezi za mashavuni, zenye mchanganyiko tofauti na wa mate ya kawaida. Pamba nayo iache: inanasa protini na inavuruga vipimo vya homoni.

Kuhusu damu: ukiona mate yana rangi ya waridi, andika, kisha mpangie siku nyingine. Mara nyingi amepiga mswaki muda si mrefu, au daktari wa meno amekagua fizi zake kabla yenu. Mpangilio ni mate kwanza, meno baadaye. Kifaa cha kupimia fizi kinatonesha damu.

Jambo la mwisho ni sentrifuji, ile mashine inayozungusha sampuli kwa kasi ili uchafu ukae chini. Maelekezo yakisema 1,500 g kwa dakika 15 kwenye nyuzi 4, hiyo g ni nguvu ya kuvuta, si mizunguko kwa dakika. Mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inahitaji mizunguko kama 3,660 kwa dakika ili ifike 1,500 g. Ukiiweka kwenye mizunguko 1,500 unapata g 250 tu. Ute na seli havikai chini, na maabara itadhani ni makohozi. Huenda sehemu ya sampuli zenu zilizokataliwa zilikuwa nzima, zikaharibikia hapo.

IL-1β ya wagonjwa wangu wa soriasisi iko juu kuliko ya watu wenye afya, na tofauti ni ya kitakwimu. Msimamizi anasema haina maana kwa sababu sikukagua fizi. Nimepoteza mwaka? (Mwanafunzi wa uzamili, Mbeya)

Msimamizi wako yuko sahihi, ila mwaka haujapotea wote.

Ugonjwa wa fizi hupandisha IL-1β kwenye mate hata kwa mtu mwenye ngozi safi kabisa. Na wenye soriasisi hupata ugonjwa wa fizi mara nyingi zaidi kuliko wengine. Sigara inachangia yote mawili. Unachokiita alama ya soriasisi huenda ni alama ya fizi. Waite tena washiriki wengi kadiri utakavyoweza, daktari wa meno apime kina cha kifereji cha ufizi: hadi milimita 3 bila kutoka damu ni kawaida, 4 na kuendelea ni mfuko wa kuuangalia. Hali ya fizi leo si ile ya siku ya sampuli, na uandike hivyo, lakini ni bora kuliko kukisia. Kama mate bado yapo kwenye friza, pima transferini, protini ya damu ambayo itakuambia ni sampuli zipi zilichanganyika na damu.

Halafu angalia kasi ya mate. Tuchukue mfano: mtu wa kwanza ana pikogramu 100 kwa mililita na mate yake yanatoka mililita 0.4 kwa dakika. Wa pili ana 200, lakini anatoa mililita 0.2 kwa dakika. Zidisha: wote wawili wanatoa pikogramu 40 kwa dakika. Wa pili hana mwako zaidi, ana mdomo mkavu. Kwa kuwa soriasisi yenyewe inapunguza mate, kuripoti kiwango kwa mililita peke yake kunaweza kukuzalishia tofauti ambayo haipo.

Kagua na kipimo chenyewe. Seti nyingi za elisa (kipimo cha maabara kinachonasa protini au homoni kwa kingamwili) zimetengenezwa kwa seramu, yaani maji ya damu, na ute wa mate huzuia kingamwili za kwenye seti kushika. Chukua mate machache, tia kiasi unachokijua cha IL-1β, upime. Kipimo kisipokisoma kiasi hicho kati ya asilimia 80 na 120 yake, namba zako zote zina kasoro. Kisha zimua sampuli mara mbili, mara nne, mara nane. Majibu yapungue kwa uwiano huohuo. Sampuli zilizo chini ya uwezo wa kipimo usiziandike sifuri, kwa kuwa sifuri ni kipimo, na wewe hukupima.

Ukipata nafasi ya awamu ya pili, tungeshauri uachane na kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Mfuate mgonjwa yuleyule kabla ya tiba na baada ya wiki 12, upime PASI (alama ya ukali wa soriasisi, 0 hadi 72) na fizi kila safari. Mtu akijilinganisha na nafsi yake, mengi yanayokusumbua sasa yanapungua.

Umeme ulikatika usiku, friza likazima. Tutajuaje kama sampuli ziliyeyuka na kuganda tena? (Fundi maabara, Kigoma)

Weka kikombe cha maji humo, yakishaganda laza sarafu juu yake. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka, na mate nayo. Hiyo ni tahadhari ya bei nafuu kwa friza la nyuzi 20 chini ya sifuri. Kipimajoto kinachohifadhi joto la juu kabisa lililofikiwa ni bora zaidi. Umeme ukikatika usifungue mlango kuchungulia. Nafasi tupu zijaze chupa za maji yaliyogandishwa, kwa kuwa friza lililojaa hutunza ubaridi muda mrefu.

Kotisoli ni ngumu, inavumilia kuyeyuka mara kadhaa. Saitokaini hazivumilii, zinatakiwa nyuzi 80 chini ya sifuri na kuyeyushwa mara moja tu. Ndiyo sababu sampuli hugawanywa siku ileile kwenye vichupa vya nusu mililita. Zilizoyeyuka zitie alama, zisichanganywe kimyakimya na nyingine.

Mwanangu wa miaka 9 ana pumu ya ngozi. Kwenye utafiti nimepewa vichupa vitatu: akiamka, baada ya dakika 30, na dakika 45. Usiku anaamka kujikuna, asubuhi tunachelewa. Nikiandika muda uleule niliopangiwa kuna ubaya? (Mama, Mwanza)

Upo, mama, na tutakueleza kwa nini. Mtu akiamka, kotisoli yake hupanda kwa kasi, mara nyingi kwa nusu au zaidi, ikafika kileleni kati ya dakika 30 na 45. Kichupa cha kwanza kikichukuliwa dakika 15 baadaye, kotisoli imeshaanza kupanda, na mtoto ataonekana kama mwili wake hauamki. Na hicho ndicho watafiti wanachokitafuta: mwaka 1997 huko Trier, Ujerumani, Angelika Buske-Kirschbaum na wenzake waliwapa watoto wenye pumu ya ngozi jaribio la kuwatia wasiwasi, la kusimulia na kufanya hesabu mbele ya watu, na kotisoli ya kwenye mate yao ikapanda kidogo kuliko ya watoto wengine. Muda wa kubuni unaweza kutengeneza ugonjwa kwenye karatasi. Andika muda wa kweli, hata ukiwa mbaya; mtafiti anaweza kuurekebisha au kuiacha siku hiyo.

Kinachohesabiwa ni kuamka kwa mwisho, kule kwa kutorudi kulala. Alivyoamka usiku andika pembeni. Vichupa na kalamu viwe kando ya mto tangu usiku. Akifumbua macho, kichupa cha kwanza palepale kitandani, ndipo utege saa ya 30 na ya 45. Katikati asinywe chai, asipige mswaki, asikimbizane na wenzake. Krimu umpake baada ya kichupa cha tatu, na wewe unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Krimu ya haidrokotisoni ni kotisoli ileile kwa jina lingine. Chembe iliyobaki kidoleni ikigusa kichupa, majibu yatapaa. Kisha weka vyote kwenye friji, uvipeleke siku hiyo au kesho yake.

Nilijipaka mkorogo miaka minne. Sasa nina mabaka na nimejiunga na utafiti wa mate. Naona aibu kuutaja kwenye dodoso. Mate yatanisaliti? (Dada, Dar es Salaam)

Yanaweza, dada, lakini utaje kwa ajili ya afya yako kwanza. Mikorogo mingi ina steroidi kali kama klobetasoli, mara nyingine pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Klobetasoli hata gramu 2 kwa siku imeonekana kuzimisha tezi zilizo juu ya figo zinazotengeneza kotisoli. Madaktari hawaruhusu zaidi ya gramu 50 kwa wiki, tena kwa wiki mbili. Kujipaka mwili mzima mara moja hula krimu kama gramu 20. Piga hesabu ya miaka minne.

Kwenye mate, kotisoli yako ya asubuhi inaweza kuwa chini sana, na mtafiti asiyejua habari ya mkorogo ataandika kwamba ni soriasisi iliyoishusha. Vidonge vya predinisoloni hufanya kinyume: vipimo vingi vya elisa huviona kama kotisoli, majibu yakapanda kwa uongo. Maabara yenye uwezo hupima na kotisoni, ambayo tezi za mate huitengeneza kutokana na kotisoli. Kotisoli ikiwa juu ajabu huku kotisoni ni ya kawaida, sampuli imeguswa na krimu.

Kama bado unajipaka, usiache ghafla. Mwili uliozoea steroidi ukinyimwa unaweza kuishiwa nguvu, kichefuchefu, kizunguzungu ukisimama, presha kushuka. Ukiona hivyo nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata bila dalili hizo, muone daktari wa ngozi akupangie namna ya kupunguza. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafanya kazi tangu 1992, na waliopita pale wako hospitali nyingi za mikoani. Dodoso huandikwa namba, si jina. Uliza uonyeshwe jinsi wanavyolitunza kabla hujajaza.

Natafuna miraa. Naruhusiwa kushiriki? (Msomaji, Mombasa)

Inategemea utafiti, lakini sema ukweli. Miraa inakausha mdomo na kuchubua fizi, na yote mawili yanaonekana kwenye mate. Tambuu nayo ni hivyo. Mtafiti makini atakuandika kwenye kundi lako, hatakufukuza.

Wanataka mate yangu wapime vinasaba. Niulize nini kabla ya kusaini? (Msomaji, Kampala)

Hapa mate ni mazuri kweli: mililita 2 kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia hutoa vinasaba vya kutosha, bila friza. Fizi mbovu haziwezi kubadilisha vinasaba ulivyozaliwa navyo. Kwenye soriasisi hutafuta zaidi HLA-C*06:02, aina mojawapo ya kinasaba cha kinga, inayoongeza uwezekano wa kuugua, hasa aina inayoanza utotoni na ile ya vidoti vidogovidogo inayofuata maambukizi ya koo. Kuwa nayo si kuugua. Wengi wanayo na ngozi zao ni nzima.

Uliza sampuli inakwenda nchi gani na itarudi au itateketezwa lini. Uliza kama itatumika kwa utafiti mwingine ambao hujaambiwa. Uliza kama ukijitoa, vinasaba vyako vinafutwa au jina lako tu. Majibu yawe yameandikwa kwenye fomu unayosaini, kwa lugha unayoisoma mwenyewe, na nakala moja uondoke nayo.